Baiskeli Ndani ya Mahindi

Jumanne hiyo Mama Mbugua alisimama.

Siku nyingine zote alikuwa akipita tu. Yeye akiwa barabarani na mtungi wake wa maziwa, mimi nikiwa ndani ya shamba la Kang'ethe nakokota baiskeli kati ya mistari ya mahindi, tulikuwa tunakwenda sambamba kama watu wasiojuana. Ningeharakisha, nimpite humo humo ndani, nitokee mbele darajani, nipande na kukanyaga pedali kuelekea Kitale kabla hajafika kwenye kona. Nilifika kazini nimelowa umande hadi kiunoni, na vumbi la maua ya mahindi kichwani. Nafanya kazi kwenye kinu cha unga, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza.

Lakini Jumanne nyayo zake zilinyamaza. Nikasikia mtungi ukiwekwa chini. Nami nikasimama, nikashika gurudumu la nyuma kwa mkono lisiendelee kulia.

"Wewe," akasema.

Nilijikunyata nyuma ya baiskeli.

"Wewe mtu wa mahindi. Nimekusikia. Nimekuwa nikikusikia siku nyingi. Kang'ethe anasema kuna nguruwe mwitu inamvunjia mahindi. Mimi nikamwambia, Kang'ethe, hiyo nguruwe iko na kengele."

Kwa siku nyingine ningecheka. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, natazama viatu vyangu kwenye matope.

"Nimekukosea nini? Ulikuwa unanibebea maziwa. Ulikuwa unanisalimia vizuri. Halafu nasikia ni wewe unamtaka msichana wangu, na kutoka hiyo siku unanikimbia kama mwizi." Alikuwa akingoja. "Haya. Kaa huko. Lakini mtu wa kunikimbia hawezi kuingia kwangu. Jumamosi msijisumbue."

Aliuinua mtungi, akaguna kwa uzito wake, akaenda. Nilibaki nimesimama humo ndani mpaka jua likapanda.

Jumamosi ndiyo siku ambayo wazee wangu wangetoka Matulo, Bungoma, kuja kujitambulisha nyumbani kwake.

*

Kinachouma ni kwamba mimi na Mama Mbugua tulikuwa marafiki.

Naishi upande wa Endebess, na kila asubuhi naendesha baiskeli ya marehemu baba, ile nyeusi nzito tunayoiita blak mamba, hadi Kitale. Mwaka jana nilikuwa nampata njiani mama mmoja mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani, anabadilisha mkono kila hatua chache kwa sababu mtungi umemlemea. Siku moja nilishuka, nikaufunga mtungi kwenye keria kwa mpira wa tairi, tukatembea pamoja hadi pale gari la maziwa linaposimama. Ikawa desturi. Aliniita kijana wa baiskeli ingawa mvi zimeshaanza kunitoka. Alinieleza tabia za ng'ombe wake mmoja mmoja, yupi anapiga teke na yupi ana wivu. Nilimwita mama, kama ninavyomwita kila mama. Sikumuuliza watoto wake ni akina nani.

Kui nilimpata kivyake. Anauza mbegu na dawa za mifugo kwenye agroveti iliyo karibu na kinu chetu, amepanga chumba pale mji unapoanzia, na yeye pia anaenda kazini kwa baiskeli, nyekundu, yenye kikapu mbele. Alinipita asubuhi moja kwenye mwinuko wa kuingia mjini, akageuza shingo na kusema, "Mzee, hiyo ng'ombe yako imechoka!" Halafu akacheka, meno yake meupe, shingo yake inang'aa jasho. Nilikanyaga mpaka mapaja yakawaka moto na sikumfikia. Jioni yake nilimngoja. Tangu hapo jioni zangu zote zilikuwa zake. Tulienda ubavu kwa ubavu, polepole, magari yakitupigia honi, kila mmoja akitafuta sababu ya kutofika haraka.

Mwezi wa tano alinionyesha picha kwenye simu. "Huyu ndiye mum."

Kitambaa cha kijani. Niliitazama picha mpaka simu ikajizima.

Mimi ni Mbukusu. Kwetu mwanamume hampi mkono mama mkwe wake. Hali naye, hakai naye karibu, hamtazami usoni. Mkikutana njiani, wewe unatoka njiani, na yeye anatoka upande wake. Nikiwa mdogo nilimwona nyanya yangu, mama mnene, akijitupa nyuma ya ua na kikapu cha viazi kwa sababu mume wa binti yake alikuwa anakuja. Yule mwanamume naye alikuwa amejibana nyuma ya mti. Watu wazima wawili, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, na hakuna aliyecheka. Nyanya aliingia nyumbani viazi nusu vimemwagika, uso umejaa furaha. "Huyo kijana ana adabu," akasema.

Na mimi nilikuwa nimetembea na mama mkwe wangu bega kwa bega miezi yote ile, nikicheka naye habari za ng'ombe! Niliona aibu kama mtu aliyekutwa anaoga. Kesho yake nilipoona kitambaa cha kijani mbele yangu, niliingia shambani. Mahindi yalikuwa bado magotini. Nililala chini pamoja na baiskeli.

Haikunijia hata mara moja kwamba yeye hajui kwa nini.

*

Jumanne jioni Kui hakunisalimia. Alitoka dukani, akapanda baiskeli yake, akaondoka. Nilimfuata.

"Kui."

"Mum amenipigia simu."

"Najua."

"Unajua? Unajua nini? Alikuwa analia, Wabwile. Mum hajalia tangu mambo ya Mary Ann."

Alikuwa anakanyaga kwa hasira na baiskeli yangu nzito ilikuwa inapumua nyuma yake. Ilibidi nipaze sauti.

"Punguza mwendo tuongee."

"Ongea tu, nasikia. Uko na bibi Bungoma?"

"Sina."

"Watoto?"

"Kui, jamani."

"Nijibu!"

Mwanamume mmoja wa bodaboda aligeuka kututazama. Nikasema kwa nguvu, na yeye akasikia, "Sina bibi, sina mtoto. Niko na shangazi na hii baiskeli."

Hakucheka. Kui ambaye hucheka hata mtu akipiga chafya, hakucheka.

"Sasa kwa nini unamkimbia mum?"

"Nitafanya aje? Si ni mama yako?"

Alifunga breki ghafla hivi kwamba nusura nimgonge. Akashuka. Akaniangalia kana kwamba nimesema neno chafu.

"Ati?"

Nikamweleza. Kando ya barabara, malori ya mahindi yakitupita, nilimweleza habari ya mkono, ya njia, ya nyanya yangu na viazi vyake. Alinisikiliza akiwa ameshika usukani wangu kwa mkono mmoja. Uso wake ulianza kulegea, na kwa muda mfupi nikadhani tumepona. Karibu atabasamu. Halafu akatikisa kichwa.

"Mum hataamini hiyo."

"Mwambie wewe."

"Nilimwambia wewe ni mtu mzuri. Nikamwambia una haya. Akaniambia hivyo ndivyo Mary Ann alisema." Alivuta pumzi. "Unajua Mary Ann alichukuliwa na mtu ambaye nyumbani hatukuwahi kumwona macho vizuri. Kila akija anabaki kwa gari. Kila wakati ako na haraka. Mum akasema, huyu mtu hatuangalii. Tukamwambia mum aache ushamba. Siku dada yangu alirudi, mum ndiye alimfungulia geti. Alikuwa amevunjwa mkono. Sasa wewe unataka nimwambie mum, huyu wangu pia hakuangalii, lakini yeye ni heshima?"

Lori likapita, tukasubiri vumbi litulie.

"Sisi pia tuna heshima ya wakwe," akasema, sauti imeshuka. "Lakini tunasalimiana. Mum hana shida na Mbukusu, ameishi na nyinyi maisha yake yote. Shida yake ni mtu wa kujificha. Na baba ameshasema, mum akikubali amekubali, mum akikataa hataki kusikia tena."

"Nifanye nini?"

"Umpe mkono. Keshokutwa analeta maziwa, kesho anaenda kliniki na baba. Alhamisi umngoje pale darajani, ushuke, umpe mkono, useme, Mama, habari ya asubuhi. Kitu kidogo hivyo."

"Si kidogo."

"Mkono tu, Wabwile!"

"Nikimpa mkono nimesema yeye si mama mkwe wangu. Nimesema wewe si wangu."

"Umesema kwa nani? Nani anaangalia huko kwa barabara?"

"Mimi."

Alinitazama muda mrefu. Macho yake ni ya rangi ya chai ya rangi, na jua la jioni likiingia ndani yake huwa nasahau nilichotaka kusema. Siku hiyo yalikuwa yamejaa maji na hayakuwa na huruma.

"Basi chagua," akasema. "Huo mkono, ama mimi. Mimi siwezi kumfungia mama yangu mlango kwa sababu ya mtu anayempita ndani ya mahindi."

Aliachia usukani wangu. Nilimtazama akienda, mgongo umenyooka, mpaka ile baiskeli nyekundu ikawa nukta. Sikumfuata. Nilijua singemfikia.

*

Jumatano wakati wa chakula nilikaa nyuma ya kinu juu ya magunia nikampigia shangazi yangu Nakhumicha, senge kwa Kibukusu. Anauza maharagwe sokoni Kamukuywa, na ndiye aliyenilea. Ndiye angeongoza wazee Jumamosi.

"Wabwire!" alipokea kwa kelele ya soko. "Nimeshapata kitenge. Hao watu wa Kitare wataniona!"

"Senge, kuna shida."

Nilimweleza. Soko lilikuwa linapiga kelele nyuma yake, kisha likapungua. Alikuwa amehama mahali pa utulivu, na hapo nikaogopa.

"Ati unataka kumusarimia na mukono?"

"Sijasema nataka. Kui ndiye anataka."

"Ukimushika huyo mama mukono, mimi Jumamosi sikuji. Nitasimama mbere ya watu niseme nini? Ati huyu kijana nimemurea mimi?"

"Nisipomshika, mtakuja kwa geti lililofungwa."

"Wuu!" Nilimsikia akimfukuza mtu aliyetaka kununua maharagwe. Halafu akauliza, polepole, "Na huyo mama, anajua unamuheshimu?"

"Hajui. Anadhani nimemficha kitu."

"Hajui! Sasa wewe, bana, unamuheshimu mutu na hajui anaheshimiwa? Hiyo si heshima, hiyo ni kumutesa."

Maneno hayo yaliniingia kuliko ya Kui. Nilimwona mama yule mwembamba, mkono umemuuma, anasikia baiskeli ikimpita ndani ya majani, siku baada ya siku, na anajiuliza amefanya nini.

"Mwambie," shangazi akasema.

"Nitamwambia aje na sitakiwi kuongea naye?"

"Ero, huyu mutoto! Kwani sisi wakwe huongeaje? Unaongea na mutoto, yeye anasikia. Kama hakuna mutoto unaongea na mbwa. Marehemu mume wangu aliongea na mama yangu miaka yote kupitia kwa mbwa, na hawakuwahi kukosana."

"Sina mbwa."

"Una kichwa? Tafuta kitu!"

Akakata simu. Nilimpigia Kui. Iliita mpaka ikachoka. Jioni nilisimama nje ya agroveti, na mwenye duka akaniambia ametoka mapema. Nilipita barabara yetu peke yangu. Nilikuwa nimezoea kuipita polepole na sikujua tena kwa nini.

*

Alhamisi nilikuwa shambani kabla yake. Sikukokota baiskeli. Niliisimamisha katika mstari wa pili wa mahindi, ambapo majani yananificha lakini sauti inatoka, nikaipa barabara mgongo, nikangoja. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha na yote yalikuwa yamenitoroka.

Nikasikia mtungi. Nyayo. Nyayo zikakaribia, na zikawa zinapita.

"Wewe baiskeli," nikasema kwa nguvu.

Nyayo zikasimama.

"Wewe baiskeli, nataka nikuambie jambo. Usinijibu, sikia tu."

"Haiya," Mama Mbugua akasema. "Ngai. Sasa anaongea na baiskeli."

Niliishika baiskeli kwenye kiti, nikaendelea.

"Baiskeli, unamkumbuka yule mama tuliyekuwa tunambebea maziwa. Yule ni mama mzuri. Hajatukosea kitu. Nilikuwa namsalimia kwa sababu sikujua ni mama wa nani. Siku nilipojua ni mama yake Kui, nikashindwa. Kwa sababu kwetu Matulo, mama wa msichana unayetaka kuoa humpi mkono. Hupiti mbele ya uso wake. Unamwachia njia. Mtu ambaye hamheshimu mama mkwe ndiye anampita karibu na kumwambia habari yako. Mimi nilidhani anajua. Nilikuwa mjinga. Nilidhani kila siku nikiingia kwa mahindi anasema, huyu kijana ana adabu."

Ndege fulani alikuwa anapiga kelele juu ya maua ya mahindi, nikatamani kumtupia jiwe.

"Geuka," akasema.

"Baiskeli, mwambie siwezi."

"Una nini usoni?"

"Mwambie sina kitu. Uso wangu anaujua. Ameuona mwaka mzima."

"Kwetu mtu akikataa kukuangalia, ameficha kitu."

"Mwambie kwetu mtu akimkazia macho mama mkwe, ndiye ameficha kitu."

Nilisikia akiweka mtungi chini. Nilimsikia akipumua.

"Nikuulize," akasema. "Wewe, sio hiyo baiskeli. Nikianguka hapa sasa hivi, mguu uvunjike, utafanya nini? Utaniacha kwa barabara kwa sababu ya heshima?"

"Baiskeli, mwambie nitaita watu."

"Na kama hakuna watu?"

Swali hilo sikuwa nimelipanga. Nilifikiria kweli kweli, sikutaka kumjibu kwa kumfurahisha. Nikaona ule mwili mwembamba chini, kile kitambaa cha kijani kwenye matope.

"Nitamwinua," nikasema. "Nitamweka kwa keria nimpeleke hospitali, nikikimbia. Halafu nitarudi kwetu niwaambie wazee nimemgusa mama mkwe, na watakachoniambia nilete nitaleta."

Nilisikia akikohoa kidogo.

"Na Mary Ann," nikasema. "Mwambie najua habari ya Mary Ann. Mimi sitamvunja Kui mkono. Mwambie mimi napenda hata ile mikono ikiwa imeshika usukani tu. Mwambie simfichi kitu. Nikimpa mkono leo nitapata Kui, lakini nitampata kwa kumwambia mama yake uongo. Nitakuwa nimesema yeye ni mtu wa njia tu. Siwezi."

Maneno yakaisha. Nilingoja. Majani yalitikisika kwa upepo, na kwa sababu yalitikisika sikusikia vizuri. Nilidhani nimesikia mtungi ukiinuliwa. Nilidhani nimesikia nyayo. Nilihesabu pumzi zangu. Nilipothubutu kugeuka na kuchungulia, barabara ilikuwa tupu, na sikujua ameondoka kabla ya neno gani.

Siku hiyo kazini nilimwaga gunia zima la unga sakafuni. Kui hakupokea simu. Shangazi alinitumia ujumbe mmoja tu: *Tunakuja ama hatukuji?* Niliandika *Sijui*, nikafuta, nikaandika *Ngojeni*. Sikupata usingizi. Kila nikifumba macho nilisikia nyayo zinazoondoka.

*

Ijumaa sikuingia shambani mapema. Sikuwa na nguvu za kujificha wala za kutokea. Niliendesha taratibu kama mtu anayepeleka barua mbaya, nikasema moyoni kwamba lolote nitakalolikuta nitalikuta. Akinijia na mkono umenyooshwa, basi. Najua maana yake. Maana yake ni kwamba amesikia yote na amekataa, kwamba kwake mimi ni kijana wa baiskeli tu, na kijana wa baiskeli hupewa mkono.

Nikapinda kona.

Kitambaa cha kijani hakikuwepo. Barabara ilikuwa nyeupe, imelowa umande, na katikati yake, pale pale nilipokuwa nikimpata zamani, ulisimama mtungi wa maziwa. Peke yake. Kifuniko kimefungwa vizuri kwa kitambaa.

Nilishuka. Moyo ulinishuka pia. Ameanguka, nikafikiri. Ameanguka mahali na mimi nimechelewa.

"Mama!" Neno lilinitoka kabla sijalizuia.

Mahindi ya Kang'ethe yakatikisika.

Alikuwa humo ndani. Mstari wa pili. Nilimwona kati ya majani, sketi imeloa hadi magotini, kitambaa cha kijani kimejaa vumbi la maua. Alikuwa amenyooka kama askari, mikono ameishika mbele, na alikuwa amenipa mgongo.

Niligeuka haraka nikampa wangu.

"Wewe baiskeli," Mama Mbugua akasema kutoka ndani ya mahindi.

Niliushika usukani kwa mikono yote miwili.

"Baiskeli, hayo maziwa yasichelewe, gari haingoji mtu. Na huyo mwenye wewe, umwambie watu wake waje mapema kesho. Sipendi watu wa kuchelewa. Na umwambie haya majani yanawasha. Sijui amevumilia aje."

Nilitaka kusema asante. Nilitaka kusema mambo mengi. Nikaiinamia baiskeli na kuiambia, "Mwambie nimesikia," na sauti yangu haikuwa ya mwanamume mzima.

Niliufunga mtungi kwenye keria kwa mpira ule ule wa tairi. Nilipanda nikaenda, na sikugeuka nyuma hata mara moja.

Kui alikuwa amesimama pale gari la maziwa linaposimama, baiskeli nyekundu imelala kwenye nyasi. Hakuwa amelala vizuri, nilimwona kwa mbali. Alinijia mbio kabla sijashuka.

"Mum hapokei simu tangu jana. Umempata?"

"Nimempata."

"Ulimpa mkono?"

"Sikumpa."

Uso wake ulianguka. Alifunga macho, akakaza midomo, na nikaona anajitayarisha kuniambia neno la mwisho. Kisha akafungua macho, na macho yakaenda nyuma yangu, kwenye keria. Alikaribia. Akagusa kile kitambaa kwenye kifuniko kwa kidole kimoja.

"Huu ni mtungi wa nyumbani," akasema.

"Ndio."

"Wabwile. Mum alisema nini?"

"Sijui kama niliruhusiwa kusikia," nikasema. "Alikuwa anaongea na baiskeli."

"Wacha mchezo! Alikuangalia aje? Alikuwa na hasira?"

"Sikumwona uso. Alikuwa ameingia kwa mahindi ya Kang'ethe. Alinipa mgongo."

Kui alinitazama. Polepole mkono wake ukapanda hadi mdomoni. Dereva wa gari la maziwa alikuwa anapiga honi, anauliza kama mtungi unaenda au hauendi, na Kui wangu alikuwa amekaa chini kwenye nyasi kando ya baiskeli yake, analia na kucheka pamoja, akisema, "Amekupa mgongo? Kweli? Wabwile, mum amekupa mgongo?"